Kabla ya Kukandwa

Kukandwa ni jambo dogo machoni pa watu wengi. Mtu akichoka hutafuta mikono ya kumkanda kama aonaye kiu atafutavyo maji, wala haulizi mengi. Lakini mwenye kukandwa huutoa mwili wake kwa mtu mwingine. Hulala, hufumba macho, na huvua ulinzi wake pamoja na nguo zake. Amana ya namna hii haipasi kuwekwa pasipo kujua inawekwa mikononi mwa nani. Mnunuzi wa kitambaa hukigeuza mara mbili tatu kabla ya kutoa fedha. Mwili haustahili uangalifu mchache kuliko kitambaa.

Ukandaji si mgeni katika nchi za Waswahili. Mzazi hukandwa katika siku zake arobaini. Bibi arusi husingwa mpaka ngozi ikang'aa. Mtoto mchanga hunyoshwa viungo kwa mafuta ya nazi. Na aliyeteguka mguu hupelekwa kwa mzee ajuaye kuchua. Lugha yenyewe ni shahidi, maana haikutosheka na neno moja. Kupapasa ni kupitisha mkono juu ya ngozi kwa upole. Kusugua kuna nguvu zaidi. Kuchua hufuata msuli kwa mafuta au dawa. Kukanda hubonyeza na kufinyanga nyama kama unga wa maandazi. Na kusinga kumeungana na manukato. Watu wasiojua kazi hawaipi majina mengi hivyo. Hata hivyo, desturi njema haikosi hatari yake. Maji ya kumkandia mzazi yakizidi moto humwunguza, na aliyejifungua kwa kupasuliwa hapasi kubonyezwa juu ya jeraha. Mapenzi ya bibi anayekanda hayana shaka, ila mapenzi hayawi badala ya maarifa.

Mataifa mengine nayo yaliitafakari kazi hii tangu zamani. Ibn Sina, tabibu aliyefariki mwaka 1037, aliugawa ukandaji katika mgumu na mwororo, mrefu na wa kadiri, akaeleza kuwa kila mmoja una athari yake, na kwamba uko wa kuutayarisha mwili kwa mazoezi na uko wa kuuondolea uchovu baada yake. Huko Ulaya, Per Henrik Ling alifungua chuo cha mazoezi ya mwili mjini Stockholm mwaka 1813, na kwa sababu yake ukandaji wa mafuta ulioenea duniani huitwa wa Kiswidi. Lakini aliyeupanga katika mapigo yanayofundishwa hata leo ni tabibu wa Uholanzi, Johan Georg Mezger. Ukandaji wa Thailand, uliotiwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa wanadamu mwaka 2019, una njia nyingine: mtu hulala juu ya godoro sakafuni akiwa na nguo zake, akabonyezwa na kunyoshwa viungo pasipo mafuta. Basi asemaye tu kuwa anataka kukandwa hajasema anataka nini.

Kazi hii imepata kuvunjiwa heshima pia. Mwaka 1894 jarida la matabibu la Uingereza lilionya kuwa nyumba kadhaa mjini London zilijiita za ukandaji na ndani yake palikuwa na biashara nyingine. Mwaka huo huo wauguzi wanne wanawake waliunda chama cha wakandaji waliofunzwa. Chama kiliweka mitihani, kikakataza kukanda pasipo agizo la tabibu, na kikawazuia wanachama wake kuwauzia wagonjwa dawa. Mbegu ile ilikua ikawa taaluma ya tiba ya viungo. Wanawake wale hawakuutetea ukandaji kwa maneno. Waliuwekea mipaka, na mipaka ikaupa heshima.

Habari ya mwalimu mmoja wa chuo hapa Dar es Salaam yaonyesha faida ya mipaka hiyo. Alikuwa amepindukia miaka 45, mtu wa vitabu na kiti. Alirudi kutoka Mwanza kwa basi, safari ya kutwa nzima na sehemu ya usiku. Alikaa dirishani, akawaonea haya abiria wenzake kuwainua, basi hakushuka ila mara moja. Siku ya pili mguu wake wa kushoto ulimvuta katika shavu la nyuma. Siku ya tatu ulivimba. Akasema ni uchovu wa njia, akapiga simu kuagiza saa moja ya kukandwa kwa mwanamke aliyesifiwa na wenzake chuoni.

Mkandaji alimpokea kwa adabu, akampa kiti, wala hakumwambia avue shati. Alitoa karatasi akaanza kuuliza: maradhi aliyo nayo, dawa anazokunywa, upasuaji aliowahi kufanyiwa, mahali panapouma. Mwalimu alijibu kwa ufupi wa mtu anayepotezewa wakati.

"Mguu unaouma ni mmoja au yote miwili, Mwalimu?"

"Mmoja."

"Umesafiri karibuni?"

"Dada, nimekuja kukandwa. Maswali nawauliza mimi wanafunzi wangu."

Mwanamke hakukasirika. Alimwomba apandishe suruali hadi gotini, akaitazama miguu yote miwili ikiwa sambamba. Wa kushoto ulikuwa mnene kuliko mwenziwe, na rangi yake ilibadilika. Aliweka mgongo wa kiganja chake juu ya ngozi kwa muda mfupi, akauona una joto. Kisha akafunika chupa yake ya mafuta.

"Mwalimu, niwie radhi. Leo sikukandi, mguu wala mgongo. Nenda hospitali sasa hivi, usingoje kesho. Na mtu mwingine asiuguse mguu huu kwa kuuchua."

Mwalimu alirudishiwa fedha zake zote, akatoka amechukia. Aliona amedharauliwa. Karibu na kwao palikuwa na kijana aliyekanda watu kwa nusu ya bei, tena pasipo karatasi. Akamwambia mkewe kuwa atakwenda huko jioni. Mkewe alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mume wangu, mtu anayeishi kwa kazi hii amekurudishia fedha. Hebu fikiri ameona nini." Mwalimu alikaa kimya. Alikuwa na hoja nyingi, lakini hiyo hakuwa na jibu lake. Wakaenda hospitali.

Kipimo kilionyesha damu iliyoganda katika mshipa mkubwa ulio ndani ya mguu. Kukaa muda mrefu miguu ikiwa imekunjwa huipunguza kasi damu inayorudi moyoni, na damu inayokwenda polepole huweza kuganda. Bonge likikaa mahali pake ni ugonjwa. Likibanduka, huchukuliwa na damu kupitia moyoni hadi mapafuni, likaziba njia, na mtu aweza kufa katika muda wa dakika chache. Kuukanda mguu kama ule ni kulisukuma bonge libanduke. Mikono iliyo hodari kuliko yote ingeweza kumwua kwa uhodari wake. Mwalimu alipewa dawa za kuzuia damu isigande, akazinywa miezi kadhaa, akapona.

Katika siku za kupona alifikiri sana juu ya hasira yake. Alikuwa amewafundisha vijana miaka mingi kwamba swali ni mlango wa elimu, na alipoulizwa yeye maswali machache aliona ametukanwa. Alitaka mkandaji awe mikono tu, pasipo akili, kwa sababu mikono ndiyo aliyodhani ameilipia. Kosa hili si lake peke yake.

Basi, msomaji anayekusudia kukandwa na ayajue machache. Kwanza, aulize mkandaji amefunzwa wapi na kwa muda gani, anakanda kwa namna gani, na kama saa inayolipiwa huhesabu wakati wa kuvua na kuvaa. Aliyefunzwa hafichi, hukasirika kwa maswali hayo yule asiye na jibu. Pili, aseme kweli juu ya mwili wake. Mwenye homa, jeraha bichi, ugonjwa wa ngozi unaoambukiza, mfupa uliovunjika au mguu uliovimba ghafula asikandwe kabla ya kuonwa na daktari. Mjamzito, mwenye saratani, mwenye mifupa dhaifu na anayekunywa dawa za kuzuia damu isigande wataje hali zao mapema. Anayedhurika kwa karanga, lozi au ufuta aulize mafuta yametokana na nini.

Tatu, ajue kuwa stara ni sehemu ya kazi. Hapana lazima ya kuvua zaidi ya anachokubali. Mwili hufunikwa kwa shuka, ikafunuliwa sehemu inayokandwa tu. Na sehemu za siri haziguswi. Ana haki ya kuchagua mwanamume au mwanamke, na haki ya kusema basi wakati wowote pasipo kutoa sababu. Maumivu makali si dalili ya dawa kuingia, akiumia aseme.

Nne, asitarajie muujiza. Kukandwa hulegeza misuli, hupunguza maumivu ya mgongo kwa muda, na huleta usingizi. Hayo si machache. Lakini anayeahidi kutoa sumu mwilini anauza maneno, kwa sababu kazi hiyo hufanywa na ini na figo. Na anayeahidi kuponya kisukari au kumwachisha mtu dawa za daktari hafai kupewa mwili wa mtu.

Mwalimu yule alirudi kwa mkandaji wake baada ya kuruhusiwa na daktari, mabega yakiwa yamekaza kwa kusahihisha mitihani. Aliketi, akaomba karatasi ya maswali kabla hajapewa, akajaza yote. Alipokwisha kukandwa alitoa malipo ya siku mbili. Mwanamke alihesabu, akamrudishia nusu, akisema kuwa siku ile ya kwanza hakumkanda. Mwalimu alijaribu kubishana naye akashindwa. Akaweka fedha mfukoni, akamshukuru, akaondoka kwa miguu yake miwili.