Mlima Tuliouona kwa Mbali

Kwa miaka mingi tulifanya kazi Moshi mjini tukiutazama Kibo kila asubuhi kutoka dirishani mwa ofisi, na kwa kuutazama tukadhani tumeujua. Shuleni tulikariri kwamba Hans Meyer alifika kileleni mwaka 1889, na kwamba kimo chake ni mita 5,895. Basi tukaridhika.

Hivi karibuni tulimwomba kijana mmoja mwenyeji atuongoze kutwa nzima katika miteremko ya Marangu. Tulitaka mandhari, naye akatupa somo. Alitupitisha vihambani, ambamo migomba huitilia mibuni kivuli na samadi ya zizini huirutubisha. Kisha akasimama penye mfongo, yaani mfereji uliochimbwa na mababu kuyaleta maji ya mlimani hadi mashambani.

"Wazee wangu," akasema, "maji haya hayaji yenyewe. Mfereji huzibuliwa kwa mikono ya wengi. Siku hizi vijana wamehamia mijini."

Tuliinamisha vichwa. Tumeutungia mlima huu mashairi mengi, wala hamna ubeti hata mmoja uliotaja mfongo.

Juu, penye lango la msitu, akatueleza habari za Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu, anayekumbukwa kuwa ndiye aliyemwongoza Meyer. Jina hilo hatukulikariri shuleni.

Enyi walimu, mnapofundisha kimo cha mlima, fundisheni pia jina la aliyetangulia njiani. Na siku ya kuzibua mfongo, wapelekeni vijana na majembe yao.