Nguruwe Walikula Kodi Yangu

Kule Uvira mama yangu alipika pombe ya mtama bila kupima kitu. Maji ya mto, kuni za kuokota, mwiko mrefu. Alimimina na kukoroga mpaka aseme, "Basi, imekubali." Hapa Katwe maji nanunua kwa jerikeni, makaa kwa mkebe. Ninyi wa Nakivale na Kyaka mnapanga foleni kwenye bomba, najua nayo inachosha, lakini sisi wa mjini kila tone ni pesa.

Ndiyo maana nilikosea. Ofisi moja ilitupa mafunzo ya biashara siku tatu, na kwenye daftari niliandika: punguza gharama. Nikarudi nyumbani nikapunguza maji. Kilo kumi za mtama na kimea, nikatia lita 15 tu. Mtoto wangu mkubwa akachungulia akauliza, "Mama, hii njo pombe ao bugali?" Nikamwambia anyamaze, pombe nzito ndiyo kali.

Kumbe ilikuwa kidogo tu. Nikichuja, inadondoka tone tone, na beseni linajaa machicha. Hayo alikuwa anayachukua mwenye nguruwe, bure, tena na shukrani nyingi. Nilienda hivyo miezi mitatu. Kodi ikarudi nyuma miezi miwili, mwenye nyumba akaanza kugonga mlango kabla ya jua.

Jirani yangu anauza malwa. Ni mama wa Kiteso, sisi wote tunamwita Toto; kwao toto ni mama, na wiki ya kwanza nilicheka kumwita mtu mzima hivyo. Siku moja alinikuta nachuja, akachovya vidole kwenye machicha, akalamba.

"Binti, hii bado tamu. Sukari unawapa nguruwe."

Nikamwuliza, mbona malwa yako nzito kuliko hii? Akanionyesha wateja wake. Wamezunguka chungu kimoja na mirija mirefu, birika la maji ya moto liko kando. Ikipungua wanaongeza maji, wanavuta, wanaongeza tena, mpaka jioni mrija unatoa maji matupu. Yaani wateja wenyewe ndio wanaosuuza ulezi wake! Mimi nachuja mara moja, natupa. Kimea ndicho kinachogeuza unga kuwa sukari, na kinafanya kazi ndani ya maji. Unga ukibanana, vidonge vya katikati havilowi vizuri, na hata sukari ikishatoka inabaki imeshikwa kwenye machicha kama maji kwenye sifongo.

Nikachukua sufuria tatu, kila moja kilo moja ya unga uleule niliosagisha Kisenyi. Lita 2, lita 3, lita 5. Maji ya moto ila yasichemke, kwa sababu yanayochemka yanaua kimea. Nikazifunika blanketi, nikangoja saa mbili. Ya lita 2 ilikuwa tamu sana ulimini lakini nusu yake ilibaki kwenye kitambaa. Ya lita 3 ilitoka vizuri, na machicha yake nikayamwagia lita moja ya maji ya moto, nikachuja tena; yakabaki maganda. Ya lita 5 sukari ilitoka, sawa, ila ilipoiva mteja mmoja akaniuliza kama nimemletea maji ya kuoshea chungu. Ningeichemsha ipungue, makaa nani analipa?

Sasa kwa kilo kumi natumia jerikeni mbili nzima, moja na nusu ya kuloweka, nusu ya kusuuzia. Maji yameongezeka, lakini gharama yake ni ndogo kuliko mtama niliokuwa natupa. Mwezi mmoja wa kodi nimelipa. Mmoja bado.

Wiki jana mwenye nguruwe alikuja amenuna. Anasema siku hizi nguruwe wananusa machicha yangu, wanageuza uso, anataka yale ya zamani. Nikamwambia yale ya zamani yana bei.