Tundu kwenye ukuta wa baba

Kiwanja chetu cha Nyakato kina nyumba mbili: kubwa aliyoijenga baba kwa mawe ya hapahapa Mwanza, na ya uani anakoishi mdogo wangu. Intaneti inaishia nyumba kubwa. Dogo anasoma chuo. Akitaka kupakua kitu husimama dirishani kwa mama, simu juu, kama anaomba mvua.

Mimi nilitaka kile kifaa kidogo cha kuongeza mtandao, unachomeka tu kwenye soketi. Bei poa, hakuna kutoboa. Fundi akacheka. "Kaka, kile kinasikiliza na kuongea kwa mdomo mmoja. Spidi inabaki nusu." Kweli, vile vya bei rahisi hupokea na kutuma kwa zamu kwenye masafa yaleyale. Na mawe yale mazito hunyonya mawimbi. Akashauri waya wa Cat6, mita 22 tu wakati unaruhusiwa kufika 100, na ruta ya pili uani.

Sasa waya unataka tundu. Tangu tumzike baba 2019, ukuta ule haujaguswa hata na msumari. Kalenda ya mwaka huo bado inaning'inia.

Mama alinyamaza kitambo.

"Toboeni chini ya kalenda."

Vumbi alilifagia mwenyewe, hakutaka msaada.

Jioni dogo akanitumia ujumbe kutoka uani: "Imeshika, bro." Mama alikuwa kakaa, anatazama dirishani.

"Huyu mwenzako mbona leo haonekani? Mmegombana?"