Lushoto Raha, ila Sikiliza Kona!

Mombo hadi Lushoto kupitia Soni ni kama kilomita 33 tu, lakini kona zake si mchezo: mwamba huku, korongo kule. Wewe mwenye pikapu, ukiwa bado tambarare, zima redio, shusha vioo, sikiliza. Ikivuma zaidi unapokata kushoto, shuku beringi ya gurudumu la kulia, maana ndilo linalolemewa. Usukani ukilia wiiii, cheki oili ya pawa stelingi. Ila ikigonga ko! ko!, huenda ni boli jointi. Hiyo ikichomoka, tairi linalala na usukani hausikii tena. Usipande, ita fundi hapo hapo Mombo. Milima ya Usambara haikimbii, na abiria wako wa nyuma hawana spea.