Barua ya Safari: Mikono ya Kazi, toka Mkongeni hadi Mwanini

Shoga yangu,

Salamu zikufikie hapo Tandika, wewe na wanao na wateja wako wa supu ya alfajiri. Mimi sijambo, ila jua la huku limenibabua pua. Uliniagiza nisirudi bila "dawa ya mikono ya Zanzibar", kwa kuwa yako imepasuka kwa masufuria, sabuni ya unga na magamba ya samaki, hata ukikamua ndimu unaruka. Dawa nimeipata, imo mkobani. Lakini toka Korogwe hadi Paje nimekuwa nikiwashika watu viganja na kuvichungulia kama mpiga ramli, na niliyoyasikia hayaenei kwenye kichupa. Wacha nikuandikie, usome huku ukisubiri maharage yaive.

Nilianzia Korogwe, kwenye mkonge. Unayajua yale mashamba yasiyokwisha unayopishana nayo ukiwa ndani ya basi la Tanga? Asili yake ni Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, aliyeagiza miche 1,000 kutoka Florida mwaka 1893. Iliyofika hai ni 62 tu, na hiyo ndiyo iliyozaa mingine. Mkonge unatoa nyuzi na unatoa pesa, lakini unatoa na utomvu, na ndani ya utomvu huo mna chembe ndogo mno zenye ncha kali. Zikiingia kwenye ngozi zinawasha, mtu anajikuna, jua linakausha palipokunwa, na baada ya muda mkono haukunjiki vizuri.

Pale korona, yaani kwenye mashine ya kukwangua majani, nilimwamkia mzee mmoja. "Marahaba, mwanangu, karibu." Nikamuuliza habari za mikono, akaigeuza nione. Kando ya gumba la kulia palikuwa na ufa mrefu, kingo zimekakamaa, na ndani yake weusi wa utomvu usiokubali kutoka kwa sabuni. Vidole viwili vya kati alivivisha vipande vya tyubu ya baiskeli, kavikata kwa kisu na kuvivuta hadi kwenye kifundo. Nilipotaja glovu alicheka: "Zinakuja, mwanangu, ila zinakufa mapema kuliko sisi." Shoga, sheria ya usalama na afya mahali pa kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri wa Bara ampe mfanyakazi vifaa vya kujikinga. Glovu iliyokwisha toboka si kifaa, ni kitambaa.

Mzee yule ana utaratibu wake. Akitoka kazini hagusi uso wala hajikuni. Anaanza kuimwagia mikono maji matupu mengi ili utomvu uondoke, ndipo anatia sabuni kidogo. Usiku anapaka mafuta ya mgando, anavaa soksi kuukuu mikononi, analala. "Mke wangu alinicheka mwaka mzima," aliniambia, "sasa naye anazo zake."

Na hayo mafuta ya mgando, unajua yalikotoka? Kwa vibarua vilevile. Mwaka 1859 mkemia kijana, Robert Chesebrough, alikwenda Titusville, Pennsylvania, kutazama visima vipya vya mafuta. Akawakuta wafanyakazi wakilalamikia uchafu mzito wa nta uliokuwa ukigandamana na mashine za kuchimbia, lakini uchafu huohuo wakijipaka penye kidonda na palipoungua. Akauchukua, akausafisha, na mwaka 1872 akaupatia hataza kwa jina la Vaseline. Wavuja jasho ndio waliogundua, yeye akatia kwenye kopo.

Ila kuna jambo wengi wetu hatulijui kuhusu mafuta hayo: hayaongezi maji kwenye ngozi, yanazuia yaliyomo yasitoke. Ukipaka kwenye mkono uliokwisha kauka kau, umefunga mlango wa nyumba isiyo na mtu. Yapakwe ngozi ikiwa bado na unyevu, dakika chache tu baada ya kunawa. Ukiniuliza safari nzima imenifundisha nini, nitakujibu hilo kabla ya jingine lolote.

Kutoka Tanga nikavuka kwenda Pemba kwa boti, na nisikufiche, bahari ilinitikisa. Msimu wa karafuu ulikuwa umepamba moto. Wete nzima inanukia. Kila uwanja umetandikwa majamvi, na usiku watu wanakaa barazani wakichambua, karafuu huku, makonyo, yaani vijiti vyake, kule. Makonyo hayatupwi, yanapelekwa kiwandani Wawi, karibu na Chake Chake, yakakamuliwe mafuta. Bi mkubwa aliyenikaribisha alinipa fungu langu nichambue. Haukupita muda mrefu ncha za vidole zikaanza kufa ganzi, kisha kuwaka. Ndiyo hayo mafuta ya karafuu, yaleyale yanayotuliza jino.

Hapo ndipo watu wanapoteleza. Ufa ukipakwa mafuta ya karafuu maumivu yanatulia, mtu anasema amepona. Hajapona, amepigwa ganzi tu, na mafuta hayo yakiwa makali hivyo yanaichoma ngozi iliyokwisha jeruhiwa. Bi mkubwa alinionya kwa kidole: "Karafuu ni harufu, mwanangu. Dawa ni nazi." Kama unapenda harufu yake, tone moja kwenye chupa nzima ya mafuta ya nazi linatosha.

Mafuta yake ya nazi hayatoki dukani. Alinikalisha kwenye mbuzi nikune nazi zilizokomaa hadi mabega yakauma. Tukakamua tui zito, tukaliacha usiku kucha, na asubuhi mafuta mazito yalikuwa yamepanda juu na maji yamebaki chini. Akayaengua yale ya juu kwa upawa, akayabandika kwenye moto mdogo wa makumbi. Kwanza yanachemka kwa kelele, maji yanapotoka. Kelele ikinyamaza, mashapo yanageuka rangi ya hudhurungi na mafuta yanang'aa juu. Hapo akaepua mara moja. "Ukizubaa, yananuka moshi mpaka yaishe." Akayachuja kwa kitambaa, na yalipopoa kidogo akanikamata mikono yangu iliyokuwa na maji bado, akanisugua mpaka kwenye mizizi ya kucha.

Usidhani ni imani za bibi tu. Mwaka 2004 madaktari wa Ufilipino walichapisha utafiti uliolinganisha mafuta ya nazi na mafuta ya madini kwa watu 34 wenye ngozi kavu. Yote mawili yalisaidia, na hayakupishana sana. Kwa hiyo wa Korogwe na kopo lake, wa Wete na chupa yake, hakuna wa kumcheka mwenzake. Kenya nako, wengi wanajipaka mafuta ya kukamulia ng'ombe, yale ya kopo la Arimis. Chuchu ya ng'ombe nayo inapasuka, na anayekamua hupata dawa ya wawili kwa mpako mmoja.

Mwisho nikafika Paje, pwani ya mashariki ya Unguja, kwa akina mama wa mwani. Kilimo hiki kilianza kibiashara hapa na Jambiani mwaka 1989, kwa mbegu iliyotoka hukohuko Ufilipino. Maji yakiwa ya bamvua yanatoka mbali sana, nao wanayafuata na kamba zao, vigingi vyao na mafungu ya taitai, vile vikamba vya kufungia mwani. Ubaya ni kwamba maji ya bamvua yanakupwa kuanzia asubuhi kuelekea adhuhuri, jua likiwa limekwisha kuwa kali. Mtu anapiga magoti au anainama saa kadhaa, vidole ndani ya maji ya chumvi, akifunga kichipukizi kimoja kimoja kwenye kamba ya nailoni. Maji yanalainisha ngozi, kamba inaikwangua, chumvi inabaki, jua linamalizia.

Mama mmoja alinionyesha kidole cha shahada: pale kamba inapopita pamechimbika mfereji, na sugu upande huu na upande huu. Glovu nene hawaziwezi, kwa sababu taitai inataka ncha ya kidole. Wanakata soksi au wanafunga tambara pale kamba inapopita tu, na vidole vingine vinabaki huru. Kabla ya kushuka baharini wanapaka mafuta ya nazi. Wakipanda wanasuuza mikono kwa maji matamu, si kwa kuipukutisha tu, wanaikandamiza kwa kanga bila kuisugua, kisha wanapaka tena. Na maji mafu yakija, siku ambazo bahari haitoki vya kutosha, hawashuki. Mikono inapumzika, nyufa zinafunga. Wewe na mimi kazi zetu hazina maji mafu, ndiyo maana zetu hazifungi.

Kinachochekesha na kuudhi ni safari ya mwani wenyewe. Unakaushwa, unasafirishwa ng'ambo, unatolewa ute wa kugandisha, na ute huo unatiwa kwenye dawa ya meno, aiskrimu na losheni za ngozi. Yaani mikono inapasuka huku ili ya wengine ilainike kule. Lakini siku hizi sehemu ya mwani inabaki nyumbani. Watafiti, akiwemo Dk. Flower Msuya, wamefanya kazi na akina mama hawa kuongeza thamani ya zao, na sasa wapo wanaotengeneza sabuni ya mwani kwa mafuta ya nazi, wakaitia karafuu au mdalasini. Kipande chako nimenunua. Ni sabuni nzuri, haikaushi kama ile ya unga, lakini ni sabuni: inaosha, haipaki. Usiniambie nimekuletea dawa halafu ukanawa ukaishia hapo.

Sasa njoo kwako, maana nakujua. Kwanza, ile pete. Ivue kabla ya kuosha vyombo. Sabuni inajificha chini yake na kuila ngozi siku nzima. Pili, maji ya moto sana yanayeyusha mafuta ya asili ya ngozi haraka kuliko ya vuguvugu. Ya moto yaachie masufuria yaloweke, si mikono. Tatu, ndimu. Ukiisugua mikononi kuondoa shombo kisha ukatoka juani, maji yake na jua vinaweza kukuunguza hadi malengelenge na madoa meusi. Nawa vizuri kwanza. Kila ukimaliza beseni, kausha kwa kukandamiza, paka mafuta kidogo hapohapo. Usiku paka mengi, vaa soksi za pamba. Pale ngozi ilipokuwa ngumu kama kwenye magaga ya miguu, ulizia duka la dawa krimu yenye yurea. Inalainisha ugumu huo, ila kwenye ufa ulio wazi itachoma.

Na mafundi wako wa gereji wanaokuja kula hapo, waambie wasinawe petroli wala mafuta ya taa. Grisi itatoka kwa mafuta ya kula na kitambaa, kisha sabuni. Wale wa zege nao wasikae na saruji mbichi mikononi. Inaunguza polepole bila mtu kuhisi, na wengine inawaletea mzio usioisha. Maji mengi, mapema.

Jambo moja nakusihi. Sokoni utauziwa vikopo visivyo na lebo, "vinalainisha ndani ya siku mbili". Vingi ni ndugu wa mkorogo, vina dawa kali za kupunguza uvimbe zinazoifanya ngozi iwe nyembamba, na ngozi nyembamba ndiyo inayopasuka kwa urahisi zaidi. Vipite.

Na kuna mikono ambayo si ya mafuta, ni ya hospitali. Ufa ukitoa usaha, mkono ukivimba au mstari mwekundu ukipanda kuelekea kwenye kiwiko, usingoje. Mwenye kisukari asingoje hata kidogo. Na mtu ambaye mikono yake imepasuka lakini haimuumi, anashika sufuria ya moto asihisi, aende akapimwe ukoma. Upo bado, unatibika, na dawa yake inatolewa bure.

Basi shoga, chupa ya mafuta ya Bi mkubwa naileta, na kipande cha sabuni. Vikiisha usisubiri nisafiri tena. Nazi zipo hapo Tandika, na kopo la mafuta ya mgando halizidi bei ya sahani mbili za wali wako. Liweke kando ya beseni, si kabatini, na lihesabu pamoja na mkaa na unga, kwa sababu ni zana ya kazi. Na yule binti anayekuoshea vyombo, mnunulie lake na glovu zake. Wewe ndiye mwajiri wake.

Wasalimie wote. Tutaonana Jumamosi, Mungu akipenda.

Shoga yako.