Godoro la sponji nalo linataka chaga

Minada ya ufuta ikishalipa, bodaboda zinazotoka Lindi mjini kuja huku Kilangala zinapakia magodoro. Ni jambo jema. Swali ninaloulizwa ni moja tu: "Bwana shamba, godoro gani zuri?" Anayeuliza atalilaza juu ya nini sijampata.

Wewe unayehifadhi korosho jibu unalo. Gunia huliweki sakafuni, unaliweka juu ya chaga ili hewa ipite chini na unyevu usipande. Sponji ni vilevile. Mwili hutoa jasho usiku kucha, nalo hushuka ndani ya godoro. Likikuta sakafu halina pa kutokea. Kama unalaza godoro chini, masika yakiisha ligeuze uone madoa meusi. Huo ni ukungu, na mtoto mwenye pumu akilalia hapo kifua hakitulii. Na ile nailoni ya dukani itoe! Wengi wanaiacha godoro lisichafuke, kumbe wanafungia jasho ndani.

Sasa kitanda cha kamba, kile wazee wanachokiita teremka tukaze. Kwa mkeka hakina mpinzani, na hewa inapita. Ila kamba hulegea, jina lenyewe linakwambia, na sponji hufuata umbo la kilicho chini yake. Mama yangu aliweka godoro jipya la inchi 6 juu ya kitanda cha kamba alichorithi kwa bibi. Baada ya miezi michache mgongo ukaanza. Msimu wa korosho ulipofika hakuweza kuinama kuokota, ikabidi alipe vibarua. Kwanza alisema ni uzee, halafu akasema ni godoro, akataka kumuuzia jirani kwa bei ya kutupa. Tulipoliinua tukakuta kamba zimebonyea katikati kama mtumbwi.

Kitanda hatukukitupa. Matendegu na mifumbati ilikuwa ya mkongo, bado migumu. Fundi alitoa kamba, akapigilia papi kwa ndani ya mifumbati pande zote mbili, akapanga chaga juu yake. Godoro ni lile lile. Kabla msimu haujaisha mama alikuwa anaokota korosho mwenyewe, ingawa mpaka leo ananiambia kamba ilikuwa na ubaridi mzuri.

Kwa fundi usiende na maneno matupu, nenda na hesabu. Nafasi kati ya chaga na chaga isizidi inchi 3. Kitanda cha futi 6 chenye chaga za upana wa inchi 3 kinataka chaga 13. Fundi akikuwekea 7, nafasi zinafika inchi 8 na nusu, na sponji itazama humo mpaka ikatike. Chaga ziwe na unene wa inchi moja. Kitanda cha 5 kwa 6 au 6 kwa 6 kiwe na mhimili katikati wenye tendegu lake, maana hapo ndipo chaga huvunjika. Ukipenda plaiwudi badala ya chaga, itoboe matundu mengi.

Uvunguni nako ni stoo ya watu wengi. Ukijaza magunia hapo umeziba hewa na umekaribisha panya. Salfa na dawa za mikorosho zisikae humo kabisa, na msinyunyizie dawa za shamba kitandani kuua kunguni. Utalala juu ya sumu hiyo kila siku. Maji yanayochemka kwenye nyufa za mbao yanawaua, godoro likiwa limetolewa nje.

Kama hela ya kitanda haipo mwaka huu, panga matofali, weka chaga juu, laza godoro. Hata hilo likishindikana, tandika mkeka chini yake na kila asubuhi lisimamishe ukutani mpaka jioni. Siku ya kulianika tafuta kivuli chenye upepo, kwa sababu jua kali huchakaza sponji.