Msimu Wetu Unaanzia kwa Mhasibu

Mimi ni kocha wa timu ya mpira wa miguu ya chuo kimoja hapa Butembo, mashariki mwa Kongo. Wanaoniona pembeni mwa uwanja wa Matokeo hudhani kazi yangu ni kupanga mabeki na kupaza sauti. Hiyo ndiyo sehemu nyepesi. Sehemu nzito ni kuhakikisha kwamba niliowapanga bado ni wanafunzi.

Ili kijana aandikwe kwenye karatasi ya mechi za vyuo, lazima awe na kadi ya mwaka huo, na kadi hutoka baada ya kulipa minervali, yaani ada ya masomo. Kwa hiyo mwaka wa masomo unapofunguliwa, mimi napita kwanza kwa mhasibu, kiwanjani baadaye. Mtoto wa mkulima wa kahawa atalipa baada ya mavuno. Anayesomeshwa na mama muuza mboga atalipa kidogo kidogo. Anayejisomesha kwa kuendesha moto, yaani pikipiki, usiku atafika mazoezini saa kumi na mbili asubuhi macho mekundu, na huyo simkimbizi kama wenzake. Nikishayajua hayo, najua nitakuwa na nani raundi ya kwanza na nani wa kumtegemea raundi ya pili.

Vijana wangu hutazama kwenye simu mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu, na hushangaa kusikia kwamba timu wanayoiona ni ya chuo. Uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan peke yake unachukua watu zaidi ya 100,000. Katika vyuo vikubwa vya namna hiyo, mchezaji hodari hulipiwa masomo kwa sababu anacheza. Kwetu mchezaji hulipa masomo ndipo aruhusiwe kucheza. Msimu wangu wote unajengwa juu ya tofauti hiyo.

Halafu kuna viatu. Timu haina viatu vya kutosha, kwa hiyo anayeingia mara nyingi huvaa vya anayetoka. Kwenye daftari langu, mbele ya kila jina, nimeandika namba ya mguu. Mshambuliaji wa 42 akichoka, naangalia benchi nani ana 42, hata kama moyo ungependa yule wa 40. Refa hupuliza, wawili hao hukaa chini kwenye mstari, mmoja anafungua kamba na mwingine anavuta soksi, watu wanacheka, mpira unasubiri. Wapinzani hawalalamiki, maana nao watafanya hivyohivyo baada ya dakika chache.

Safari ya kucheza mjini Beni ina hesabu zake. Ni kilomita hamsini na kidogo, ila tunateremka kutoka baridi ya milima hadi kwenye joto. Kipindi cha kwanza vijana wa Butembo hukimbia vizuri, cha pili miguu inagoma. Kwa hiyo kule nawaambia waushike mpira, wasiufukuze. Wa Beni nao wakipanda kwetu huhema mapema, na sisi huwabana tangu mwanzo.

Lakini hesabu kubwa ni ya barabara. Tangu Oktoba 2014, mauaji ya raia katika eneo la Beni yamefanya kila safari iwe jambo la kujadiliwa na familia. Kabla ya kuondoka nauliza madereva waliopita asubuhi hiyo, wala sitosheki na jibu la mmoja. Njiani simu hainyamazi. «Kocha, muko wapi sasa? Mumeshapita Maboya?» Mzazi akikataa mwanawe asiende, namfuta jina bila kumkasirikia mtu. Mechi za ugenini tunacheza mapema, turudi jua lingali juu. Dakika za nyongeza zikitishia kutuchelewesha, tunakubaliana kwenda moja kwa moja kwenye penalti.

Wakati wa Ebola, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, tulijifunza mengine. Ugonjwa ule uliua zaidi ya watu 2,200, na Butembo na eneo la afya la Katwa ziliumia sana. Ndoo ya maji yenye klorini ilikaa pembeni mwa kiwanja, manahodha wakasalimiana kwa viwiko, na chupa moja haikupita tena midomo kumi na mmoja. Kuzuia kukumbatiana baada ya goli kulikuwa kugumu kuliko mbinu yoyote niliyowahi kufundisha.

Kutokana na hayo yote nimejipa kanuni moja: kila mchezaji ajue nafasi mbili, na kila nafasi iwe na watu wawili. Beki wa kulia anajifunza kiungo, winga anajifunza ulinzi, na nahodha ana msaidizi anayejua kila anachokijua yeye. Klabu ya mji ikimwita kijana wangu, simzuii, kwani huko ndiko anakoweza kupata nauli na jina. Akikosa minervali, akiitwa nyumbani kulinda shamba, akifungiwa na mitihani, timu haisimami.

Mwenzangu anayetaka kuanzisha timu ya chuo huku kwetu asianze na jezi. Aanze na daftari: jina, promosyo (mwaka wa masomo), deni la minervali, namba ya simu ya mzazi, namba ya kiatu, nafasi mbili. Ukurasa huo ukikamilika, mbinu za mpira atazipata kwa kocha yeyote.